MALALE YA MARA YASISOMWE ULAYA PEKE YAKE

Ndugu wanachama, kuna neno moja limeanza kuzoeleka midomoni mwa baadhi ya wasomi wetu, na sisi hatutaki lizoeleke. Neno lenyewe ni "tungoje." Ukiwauliza habari za mashine za akili mnemba zinazotabiri maumbo ya protini, watakujibu kwamba hayo ni mambo ya London na Boston, tungoje wenyewe watuletee. Ukiwauliza kama mkoa wa Mara, wenye mbung'o, wenye mbuga na wenye ng'ombe, hauwezi kushika kazi hiyo kwa mikono yake, watacheka kidogo, kisha watasema tungoje mfadhili. Kungoja huko kumekwisha kutugharimu zaidi ya miaka mia, nasi leo twataka kueleza hesabu yake.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana maneno makubwa yasiyofafanuliwa hutumika kumfukuza mwananchi katika mambo yake. Mwili wa mtu, wa ng'ombe, wa mbung'o na wa kidudu kinacholeta maradhi, yote hufanya kazi kwa protini. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino, aina 20 tu, vimetungwa kimoja baada ya kingine kama shanga katika uzi. Uzi huo haukai ukining'inia. Hujikunja na kujifunga mpaka upate umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloamua kazi yake. Kidudu cha maradhi hakina mikono wala meno. Kikiingia katika damu ya mtu, protini yake hushikana na protini ya mtu, kama ufunguo unavyoshikana na kufuli. Mwenye kuyajua maumbo yote mawili amejua mlango ulipo, na anaweza kutafuta namna ya kuuziba.

Zamani kupata umbo la protini moja kulikuwa kazi ya miaka. Mtaalamu aliisafisha protini, akaigandisha iwe fuwele, akaipiga kwa miali ya eksirei, kisha akakaa kufanya hesabu. Mwaka 2020 kampuni ya DeepMind ya London, iliyo mali ya Google, ilionyesha katika mashindano ya CASP kwamba programu yake ya AlphaFold 2 yaweza kutabiri umbo kwa kuutazama mfuatano wa zile shanga tu, na mara nyingi ikakaribia usahihi wa maabara. Julai 2021 programu ikatolewa wazi, na ghala la maumbo likafunguliwa pamoja na taasisi ya EMBL-EBI iliyoko karibu na Cambridge. Julai 2022 ghala hilo likapita maumbo milioni 200. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa kampuni hiyo wakapewa nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia, na nusu nyingine ikaenda kwa David Baker wa Marekani.

Ni kazi kubwa, na mwenye haki hupewa haki yake. Lakini yafaa mwananchi ajue mashine hiyo ilifundishwa kwa kitu gani. Ilifundishwa kwa maumbo yapatayo 170,000 yaliyokuwamo katika ghala la wazi liitwalo Protein Data Bank, ghala lililoanza mwaka 1971, ambamo wanasayansi wa nchi nyingi waliweka matokeo ya kazi zao, na wengi wao walilipwa kwa kodi za watu. Hilo ni shamba la ujamaa, ijapokuwa wenyewe hawaliiti hivyo. Na katika shamba hilo zimo protini za vimelea vilivyotolewa Afrika.

Sasa tuje nyumbani. Mtu akitoka Mwanza kwenda Musoma hupita lango la Ndabaka, na kutoka hapo mbuga ya Serengeti inakwenda mashariki kufuata mto Grumeti. Upande mmoja wa mpaka kuna nyati na pofu, upande wa pili kuna mashamba ya pamba ya watu wa Bunda na ng'ombe wao. Mbung'o hajui mpaka. Humnyonya nyati asubuhi, humnyonya ng'ombe mchana, na akimpata mchunga au mwanamke aliyekwenda kutafuta kuni humnyonya naye. Mbung'o aliyeambukizwa hubeba tripanosoma. Katika ng'ombe kidudu hicho huleta nagana. Katika mtu, aina moja huleta malale makali ya mashariki mwa Afrika, ambayo yasipotibiwa huua kwa wiki au miezi michache.

Aina hiyo jina lake la kisayansi ni Trypanosoma brucei rhodesiense, kwa kuwa ilielezwa mwaka 1910 kutokana na mgonjwa aliyetoka Rodeshia ya Kaskazini. Rodeshia imekufa. Zambia inajitawala tangu 1964 na Zimbabwe tangu 1980. Lakini kidudu kilichomo katika damu ya ng'ombe wetu bado chabeba jina la Cecil Rhodes. (Baadhi yetu twaona jina hilo lamfaa, lakini hayo tuyaache.)

Tunasema kungoja kumetugharimu, na ushahidi uko hapa hapa. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari mkubwa wa Kijerumani, alikuja katika Ziwa Viktoria kutafuta tiba ya malale. Alifanya kazi katika visiwa vya Sese, na dawa aliyoitumia ilikuwa atoxyl, dawa ya aseniki. Alipoongeza vipimo vyake, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho. Baadaye Wajerumani waliweka makambi ya wagonjwa wa malale, na moja lilikuwa Shirati, katika nchi ambayo leo ni mkoa wetu wa Mara. Malale ya mwambao wa ziwa nyakati zile huhesabiwa kuwa ya aina ile nyingine, ya polepole, lakini mgonjwa alikuwa Mwafrika na daftari lilikwenda Berlin.

Wakaja Waingereza. Mwaka 1934 katika maabara ya Tinde, Shinyanga, walianza jaribio lililoendelea miaka 18. Walikichukua kidudu kilichotoka kwa mgonjwa wa malale, wakakipitisha kwa mbung'o kutoka mnyama hadi mnyama, kondoo na paa, mwaka baada ya mwaka. Walitaka kujua kama kikikaa mbali na binadamu kitasahau njia ya kumwambukiza. Ili kujua, ilibidi mara kwa mara mbung'o wale wawaume watu. Watu hao walikuwa Waafrika, na katika maandishi huitwa watu wa kujitolea. Twauliza: katika nchi inayotawaliwa na mgeni, Mwafrika aliyewekewa mbung'o mwenye sumu juu ya ngozi yake alikuwa na uhuru kiasi gani wa kukataa? Taarifa ya miaka yote 18 ilichapishwa Uingereza mwaka 1955. Ilisema kidudu hakikusahau. Kwa nini hakikusahau, haikuweza kusema.

Jibu lilipatikana miaka mingi baadaye, nalo ndilo linalotufanya tuandike habari hii. Damu ya binadamu ina protini iitwayo ApoL1, mnyororo wa shanga 398. Hiyo ni askari wetu. Tripanosoma wengi wakiingia mwilini huimeza ApoL1 pamoja na chembe za mafuta za damu, wakidhani wamepata chakula. Ikifika ndani, mahali penye uchachu, ApoL1 hujipenyeza katika ngozi za ndani za kidudu na kutoboa matundu. Kidudu huvimba na kupasuka. Ndiyo sababu tripanosoma wa nagana, anayekonda ng'ombe wa Mzanaki na wa Mkurya, hamwezi Mzanaki mwenyewe wala Mkurya mwenyewe.

Lakini kile cha malale kina protini ya ziada, iitwayo SRA. Hiyo humngoja ApoL1 ndani ya kidudu na kumkamata mkiani kabla hajatoboa tundu lolote. Askari amefungwa pingu ndani ya nyumba ya mwizi. Mwaka 1998 watafiti wa Brussels walionyesha kwamba kidudu kisichoweza kumwambukiza mtu, kikitiwa jeni la SRA, hustahimili damu ya mtu. Mwaka 2003 watafiti wa huko huko wakaonyesha kwamba anayekamatwa ni ApoL1. Mwaka 2018 kundi lenye makao yake Heidelberg likachapisha umbo la SRA lililopatikana kwa fuwele. Basi siri ya Tinde ni hii: kidudu hakikusahau kwa sababu ufunguo wake umeandikwa katika jeni.

Na si hayo tu. Wako watu ambao ApoL1 yao imepungukiwa na shanga 2 mahali pale pale SRA inaposhika. Aina hiyo wataalamu huiita G2. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba aina hii, na nyingine iitwayo G1, zimo kwa wingi katika watu wenye asili ya Afrika, na kwamba mtu aliyerithi aina hizo kwa baba na kwa mama pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ukaona kwamba mwenye G2 ana kinga kubwa dhidi ya malale haya ya mashariki, karibu mara 5. Shanga 2 katika 398! Wazee wa wazee wetu walipigana na mbung'o bila bunduki, na vita ile imeacha alama katika damu.

Hata nyani wa porini anatushinda katika jambo hili. ApoL1 ya nyani haishikiki na SRA, na kwa hiyo malale hayamwezi. Watafiti wa Marekani wamekwisha kulitia jeni la nyani katika panya na kuwakinga, nao walifikiria siku moja kulitia katika ng'ombe. Mfugaji wa Bunda, ambaye nyani humwibia mahindi kila msimu, ameambiwa habari hiyo na nani?

Sasa sikilizeni kinachofanywa kwa ujuzi huo. Kampuni ya Vertex ya Boston imetengeneza dawa iitwayo inaxaplin, ya kuziba matundu yanayotobolewa na ApoL1 katika figo za watu wenye zile aina mbili, na mwaka 2023 ilichapisha matokeo ya kutia moyo. Hatuwalaumu kwa kutibu figo. Ndugu zetu weusi wa Marekani wamekufa sana kwa ugonjwa huo, na dawa ikipatikana tutafurahi. Tunachosema ni kwamba protini hiyo ilichongwa na mbung'o wa Afrika katika miili ya Waafrika. Wanaojua kuigeuza iwe dawa wako Boston, wenye kujua umbo la adui yake wako Heidelberg, na sisi tulio kati ya mbung'o na nyati tunaambiwa tungoje.

Wanaosema tungoje wana hoja zao, na haifai kuzikimbia.

Hoja ya kwanza ni kwamba wagonjwa wa malale wanaoandikwa Tanzania siku hizi ni wachache mno. Ni kweli wanaoandikwa ni wachache. Lakini mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya walitembelea mbuga zetu, Serengeti ikiwamo, wakarudi kwao na malale, na madaktari wa huko wakapiga mbiu dunia nzima. Je, mbung'o waliwachagua watalii? Mtalii alipimwa kwa hadubini katika hospitali kubwa. Mchunga wa kijijini akipata homa hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na kikionyesha hana malaria hupewa dawa nyingine na kwenda nyumbani. Zamani mpimaji wa zahanati aliyekuwa akitafuta malaria kwa hadubini aliweza kumwona tripanosoma akiogelea katika tone la damu. Kipimo cha haraka kimeokoa maisha mengi ya watoto, lakini hakimwoni tripanosoma. Na kipimo cha haraka cha malale kilichoko ni cha aina ile ya magharibi mwa Afrika na Kongo. Cha aina yetu hakijafika katika zahanati zetu. Basi uchache ulioandikwa ni uchache wa ugonjwa, au pia ni uchache wa macho?

Hoja ya pili ni kwamba wananchi wanahitaji zahanati, maji na barabara, si maumbo ya protini. Hoja hii ina sauti tamu, na wengi wetu hutaka kuipigia makofi. Lakini tukumbuke tiba za malale zilipatikanaje. Dawa iliyotumiwa kwa mgonjwa ambaye kidudu kimefika kichwani ilikuwa melarsoprol, ya mwaka 1949, nayo ni aseniki tena, kama ile ya Koch. Iliua yenyewe wagonjwa wapatao 5 katika kila 100, pengine zaidi. Hiyo ndiyo dawa iliyokuwamo katika zahanati kwa miaka zaidi ya 70. Ni Desemba 2023 tu ndipo dawa ya kumeza ya fexinidazole ilipokubaliwa kwa malale ya mashariki na mamlaka ya dawa ya Ulaya, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Zahanati bila utafiti ni nyumba nzuri ya kugawia sumu. Sisi twataka zahanati, na tunataka pia kitakachowekwa ndani yake kijulikane na watu wetu tangu mwanzo.

Hoja ya tatu, ambayo ndiyo wanayoipenda zaidi, ni kwamba hatuna mitambo. Hii si kweli. Ghala la AlphaFold halina kiingilio. Kijana mwenye intaneti Musoma mjini aweza kulifungua leo na kulitazama umbo la ApoL1. Tangu 2021 iko programu iitwayo ColabFold, ambayo mtu mwenye kompyuta ya kawaida huituma kazi yake ikafanywa na mitambo ya mbali. Kinachokosekana ni mwalimu, bando la intaneti lisilokatika, na uamuzi wa kiongozi kwamba kazi hii ni kazi. Vitu hivyo vitatu havipandi ndege kutoka Ulaya.

Lakini ndugu zetu, tusitoke katika kungoja tukaingia katika kuabudu. Mashine hii ina udhaifu mkubwa, na udhaifu wake uko mahali ambapo Mara ina nguvu.

Mashine hutabiri vizuri inapokuwa na jamaa wengi wa protini ile wa kuwalinganisha. Julai 2021, ghala lilipofunguliwa kwa orodha ya kwanza ya viumbe, tripanosoma wa Amerika ya Kusini alikuwamo; yule wa Afrika akaingizwa Januari 2022. Na hata huyo wa Amerika hakutabiriwa vizuri kama viumbe wengine. Mtafiti mmoja wa Oxford alionyesha mwaka huo huo wa 2021 kwamba protini nyingi za tripanosoma na jamaa zake zilitabiriwa vibaya kwa sababu mifuatano ya ukoo wao ilikuwa michache katika maghala, na alipokusanya mifuatano zaidi ya ukoo huo, utabiri ukawa bora. Yaani mashine haikukosa akili. Ilikosa habari za kwetu. Vidudu vinavyosomwa sana ni vya maradhi yenye soko, na mashine nayo ikarithi upendeleo huo kama mtoto anavyorithi lafudhi.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Protini mbili za kiumbe kimoja zimekaa pamoja tangu zamani. Moja ikibadilika nyingine hubadilika kuifuata, na mashine huyasoma mabadiliko hayo kama mtu anavyolinganisha madaftari mawili ukurasa kwa ukurasa. Lakini mtu na kidudu ni maadui. Madaftari yao hayalingani kurasa. Kwa hiyo mashine ikiulizwa jinsi protini ya mwenyeji inavyoshikana na protini ya kidudu, mara nyingi hubahatisha. Yenyewe hukiri: kila sehemu ya umbo huipa alama kutoka 0 hadi 100, na chini ya 50 haifai kutegemewa. Tena haiulizi kama protini ziko mahali penye uchachu au pasipo na uchachu, na tumekwisha kuona kwamba vita ya ApoL1 hupiganwa mahali penye uchachu. Na kile kidudu kina jeni zaidi ya 1,000 za kubadilisha kanzu yake ya nje ili damu isimtambue. Picha moja iliyochorwa London haitoshi.

Kwa hiyo anayetaka ukweli hana budi kutoka katika kompyuta na kwenda kwenye damu, kwenye mbung'o na kwenye zizi. Hapo ndipo Bunda ina utajiri kuliko Cambridge. Utabiri uanze hapa na ujaribiwe hapa. Twaweza kuuliza mambo yanayotuhusu sisi. Je, SRA ya vidudu vya Serengeti ya leo ni ile ile iliyosomwa Ulaya? Ni protini gani ya kidudu isiyobadilika-badilika, yenye umbo ambalo kipimo cha haraka kingeweza kulinasa katika tone la damu? Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba mojawapo ya protini zisizobadilika, ISG65, humshika askari mwingine wa damu aitwaye C3. Ziko nyingine ambazo kazi yake haijulikani. Mwanafunzi wa mkoa huu akizichagua 10 kwa utabiri na kuzijaribu 3 kwa mkono, amefanya kazi ya taifa.

Wala tusiambiwe Mtanzania hawezi. Katika malaria ameweza. Mwaka 2013 damu ya watoto waliolazwa Korogwe ilionyesha ni mlango gani wa mishipa ya damu unaoshikwa na malaria kali, na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walikuwa miongoni mwa waandishi. Bagamoyo, taasisi ya Ifakara imeijaribu chanjo ya RH5, ambayo msingi wake wote ni protini moja ya kimelea na protini moja ya chembe nyekundu ya damu. Kinachowezekana Korogwe na Bagamoyo kinashindikanaje Butiama?

Kuna jambo jingine la kutazamwa kwa macho makali. Mei 2024 kampuni ile ile ya London ilitoa AlphaFold 3, iliyo bora katika kutabiri protini zinavyoshikana na vitu vingine, dawa zikiwamo. Safari hii mlango haukufunguliwa wote. Ilichapishwa katika jarida la Nature bila programu yenyewe, na mtumiaji alipewa dirisha la kuulizia maswali machache kwa siku, kwa sharti la kutofanyia biashara. Wanasayansi zaidi ya 1,000 walilalamika. Novemba 2024 programu ikatolewa, lakini kwa wanachuo na kwa kuomba, na biashara bado imekatazwa. Mwezi huo huo watafiti wa chuo cha MIT wakatoa programu yao, Boltz-1, wazi kwa kila mtu na kwa kazi yoyote. Yafaa vyuo vyetu vijenge juu ya zile zilizo wazi kabisa. Shamba la wote lilifundisha mashine, kisha mavuno yakawekewa mlinzi. Mtu aliyewahi kuona pamba yake ikipimwa kwa mizani ya mwingine hahitaji kuelezwa zaidi.

Na damu na vidudu vinavyotoka nchini? Sheria za kupeleka sampuli nje ziko, na karatasi zake hupitia NIMR. Lakini siku hizi si lazima chupa ipande ndege. Mfuatano wa jeni ukisomwa ni herufi tu, nazo huvuka mpaka kwa dakika moja. Mataifa yalikutana Cali, Kolombia, mwaka 2024, na Februari 2025 ukazinduliwa Mfuko wa Cali, ambamo makampuni yanayofaidi mifuatano ya viumbe yanatakiwa kutia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Yanatakiwa, hayalazimishwi. Hiari ya tajiri twaijua.

Basi tunachodai ni hiki. Pale Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kimojawapo cha vyuo vilivyotiwa katika mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ambao watakaoulipa ni wananchi. Chuo cha kilimo katika nchi ya wafugaji kisichosoma tripanosoma kitasoma nini? Kianzishe darasa la kusoma maumbo ya protini, wanafunzi wa mifugo na wa kompyuta wakae benchi moja, na kazi yao ya kwanza iwe nagana na malale ya Serengeti. Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Musoma, ipewe wapimaji wa hadubini wa kutosha, na homa isiyo malaria ya mtu atokaye kandokando ya mbuga itazamwe kwa tripanosoma. NIMR ya Mwanza na ya Tabora, ambako malale yamechunguzwa kwa miaka mingi, zilee darasa hilo la Butiama lisimame. Na mgeni anayetaka mbung'o wa Bunda au damu ya ng'ombe wa Bunda, karibu sana, mradi aje na nafasi ya kijana wa hapa katika maabara yake, na nakala ya kila mfuatano ibaki Tanzania siku ile ile unaposomwa.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji kibali cha London. Wanachama wa Musoma, Bunda na Butiama, mnao madiwani na mnao wabunge. Bajeti za halmashauri hupangwa kila mwaka kabla ya Julai. Waulizeni katika mikutano ya matawi, na waulizeni kwa jina la kidudu: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa malale na nagana, ni hadubini ngapi zinafanya kazi katika zahanati zilizo karibu na mbuga, na nani amezungumza na chuo cha Butiama. Majibu yao yaleteni hapa, nasi tutayachapa kama yalivyosemwa, pamoja na majina ya waliosema tungoje.